Makabati Mashuhuri ya Vitabu: Yafunguka kwa Nani?

Watu wa Ulaya na Marekani wana desturi ya kuandika vitabu vya kusifu samani za nyumbani, kama sisi tusifuvyo mashairi. Humo viti, meza, taa na makabati yamepigwa picha moja moja, kila chombo na jina la aliyekibuni, na mwaka kilipotokea, na maneno ya kukitukuza. Katika hesabu hiyo yamo makabati ya vitabu. Baadhi yake leo yakaa katika nyumba za makumbusho, wala hapana mtu awezaye kuyatia kitabu tena. Na mengine yauzwa kwa bei ambayo mwalimu wa kijijini asingeweza kuilipa ijapokuwa angeweka mshahara wake wa mwaka mzima.

Nimeyachungua makabati hayo katika picha zake na maelezo yake, nami naona ya kuwa wengi wayasifuo hushika kipimo kisichoyafaa. Huuliza kama ni mazuri, na kama ni mapya. Hayo ni maswali ya kuuliza mbele ya sanamu. Mbele ya kabati la vitabu imetupasa kuuliza kwanza: je, lamsogeza mtu kwenye kitabu, au lamweka mbali nacho? Maana kabati ni mtumishi asimamaye kati ya wawili, kitabu na msomaji, na mtumishi ajitangulizaye mbele ya bwana zake amekwisha kukosa kazi yake. Kwa swali hilo nataka kuyapima upya machache yaliyo mashuhuri. Msomaji ataona ya kuwa mengine yaliyotukuzwa yatashuka, na moja lililochekwa sana litapanda.

Makabati ya kale kabisa hayakubaki mengi, kwa sababu mti huoza na kuliwa na wadudu. Lakini picha zake zimebaki. Katika mji wa Ravenna, Italia, lipo jengo dogo liitwalo kaburi la Galla Placidia, lililojengwa katika karne ya tano. Ukutani mwake, kwa vijiwe vya rangi vilivyopangwa pamoja, imefanyizwa sura ya mtu achukuaye msalaba. Wengi husema ni Mtakatifu Laurenti, kwa kuwa karibu naye pana chuma cha kuchomea, na moto chini yake. Upande wa pili wa moto huo lasimama kabati. Milango yake miwili i wazi, na ndani, juu ya rafu mbili, vimelala vitabu vinne vyenye kuandikwa majina: Marko, Luka, Mathayo, Yohana. Mtu aondokaye mbele ya picha ile hakumbuki sana kabati lilikuwa na nakshi gani, lakini majina ya vitabu hayamtoki.

Picha ya pili imo ndani ya kitabu chenyewe. Huko kaskazini ya Uingereza, katika nyumba ya watawa ya Wearmouth na Jarrow, mkuu wao aitwaye Ceolfrith aliagiza ziandikwe kwa mkono Biblia tatu kubwa mno. Mwaka 716, akiwa mzee, alifunga safari kwenda Roma kuitoa moja iwe zawadi. Akafa njiani, katika mji wa Langres, Ufaransa, ila kitabu kilisalia. Leo kimo mjini Florence, nacho ndicho Biblia nzima ya Kilatini ya tafsiri ya Yeronimo iliyo ya kale kuliko zote zilizobaki. Mwanzoni mwake amechorwa Ezra mwandishi, ameketi, miguu juu ya kibao, anaandika. Nyuma yake pana kabati limefunguka, na Maandiko yamegawanywa katika vitabu tisa, navyo vimelazwa ubavu juu ya rafu. Ezra halitazami kabati. Ameinama juu ya kazi yake, na kabati lamngoja nyuma kama kijana angojaye kuitwa. Sijaona katika vitabu vyote vya wabunifu wa siku zetu picha ionyeshayo kazi ya kabati kwa uwazi kuliko hiyo.

Sasa nije kwa lile lililochekwa. Katika kanisa kuu la Hereford, magharibi mwa Uingereza, ipo maktaba ambayo makabati yake yalifanyizwa mwaka 1611. Ni ya mti wa mwaloni, marefu na mazito, na kila moja lina ubao wa kusomea uliounganishwa nalo. Maktaba ina vitabu kama 1,500, na zaidi ya 200 katika hivyo viliandikwa kwa mkono kabla ya kuenea kwa kupiga chapa. Vitabu vimefungwa minyororo. Ncha moja ya mnyororo imetiwa katika jalada la mbele la kitabu, na ncha ya pili ina pete ipitayo katika fimbo ya chuma iliyolazwa mbele ya rafu. Na fimbo hiyo hushikwa na kufuli mwisho wake. Migongo ya vitabu yaelekea ndani, na kingo za kurasa zaelekea nje. Mgeni hudhani vimepangwa kinyume. Lakini tazama akili ya fundi: mtu akikivuta kitabu kilichosimama hivyo, aweza kukishusha juu ya ubao na kukifungua pasipo kukigeuza, na mnyororo haujisokoti.

Watu wa leo hucheka waonapo minyororo hiyo. Husema, Tazama wazee jinsi walivyokuwa wachoyo, wakafunga vitabu kama mbwa. Mimi siwezi kucheka pamoja nao. Mnyororo wakataza jambo moja tu, nalo ni kuondoka na kitabu. Kukigusa haukatazi, kukifungua haukatazi, kukisoma kutwa nzima haukatazi. Kitabu kile kilikuwa na thamani kubwa, na pengine hakikuwa na cha pili katika nchi nzima ya kandokando. Nao wazee walitafuta njia ya kukiacha chini ya mkono wa msomaji bila kukipoteza. Ni kweli walioingia humo walikuwa makasisi na watu wenye elimu, si mkulima wala mchunga ng'ombe. Walakini mwenye kuingia hakuhitaji kumwomba mtu amfungulie kitabu. Ubao wa kusomea ulikuwa pale pale, na mwanga wa dirisha, na kitabu. Kabati, meza na mahali pa kusomea vilikuwa kitu kimoja.

Miaka 55 baadaye, mjini London, likafanyizwa kabati la namna nyingine, ambalo wanahistoria wa samani hulitaja kila wanapoeleza habari za makabati yenye milango ya vioo. Mwenyewe ni Bwana Samuel Pepys, karani mkubwa wa mambo ya merikebu za vita za mfalme, yule aliyeandika habari zake za kila siku kwa miaka kama tisa unusu. Mwezi wa Julai, mwaka 1666, aliandika ya kwamba vitabu vyake vimekuwa vingi, vimelundikana kimoja juu ya kingine juu ya viti, hata akitaka kukifungua kimoja aona uvivu kuviondoa vilivyo juu yake, basi huacha. Maneno hayo nayapenda. Huyu ni mtu ambaye hakutaka pambo sebuleni; alikuwa akipoteza faida ya vitabu vyake, akatafuta dawa. Akamwita Simpson, seremala wa karakana za merikebu, wakashauriana juu ya vipimo. Mwezi wa Agosti makabati ya kwanza yakasimamishwa. Siku chache baadaye, tarehe 2 Septemba, ukaanza ule moto mkubwa ulioteketeza sehemu kubwa ya mji wa London, na Bwana Pepys alihangaika kuhamisha mali yake. Lakini nyumba yake haikuungua, wala makabati hayakuungua.

Mwisho makabati yalifika 12, yote ya mwaloni, yote ya sura moja, sehemu ya chini fupi na ya juu ndefu, na milango ya vioo vidogo vidogo. Vitabu vyake vilikuwa 3,000, akavipanga kwa kimo: namba ya kwanza ndicho kidogo kuliko vyote, na namba ya 3,000 ndicho kikubwa kuliko vyote. Na kwa kuwa alitaka vichwa vya vitabu viwe sawasawa katika mstari mmoja, vile vilivyo vifupi kidogo aliviwekea vigogo vya mbao chini yake, vimechongwa na kupambwa vifanane na migongo ya vitabu.

Hapa ndipo moyo wangu ugawanyikapo. Mtu aliyeanza kwa sababu ya kusoma, akaishia kuvaa vitabu viatu ili visimame sawasawa kama askari! Alipokufa mwaka 1703 aliacha maagizo ya kwamba vitabu vimwendee mpwa wake, kisha vikae katika chuo cha Magdalene huko Cambridge. Wala kisiongezwe hata kimoja, wala kisipunguzwe hata kimoja. Chuo kikivunja sharti hilo, vitabu vyote vichukuliwe na chuo jirani cha Trinity. Vilifika Magdalene mwaka 1724, na hata leo vipo, ndani ya makabati yale yale. Kwa kuhifadhi, hapana awezaye kumshinda. Vioo vimezuia vumbi kwa zaidi ya miaka 300, na msomi atakaye kujua habari za Uingereza ya karne ile huenda huko kwa shukrani. Lakini kabati lisiloruhusiwa kupokea kitabu kipya limegeuka sanduku la urithi. Bwana Pepys wa mwaka 1666 alikuwa na kabati. Bwana Pepys wa mwaka 1703 alikuwa na kaburi zuri la vitabu.

Kutoka kwake kioo kikaenea katika nyumba za wakubwa. Mwaka 1754 Thomas Chippendale, seremala mwenye asili ya Yorkshire, alitoa kitabu kikubwa cha michoro ya samani, nacho kilimfanya jina lake litajwe mpaka leo kila penye mnada wa samani za kale. Humo yamo makabati ya vitabu mapana kama ukuta, sehemu ya katikati imetokeza mbele, juu pana kilemba kilichochongwa kama paa la hekalu, na katika vioo mmepitishwa vijiti vyembamba vilivyosukwa kwa mapambo. Kazi ya mikono ni ya ajabu, sitakana. Lakini msomaji wa Afrika ana haki ya kuuliza mti ule ulitoka wapi. Mahogani iliyopendwa sana katika nyumba hizo ilitoka Jamaika, Kuba na Hondurasi, na tangu mwaka 1721 Waingereza waliondoa ushuru juu ya mbao za makoloni yao, zikamiminika London kwa wingi. Waliokata magogo hayo msituni walikuwa watumwa, watu waliotolewa katika bara letu, wao na watoto wao. Katika maelezo mengi ya kusifu makabati yale nimesoma habari za nakshi, na za rangi ya mti jinsi ing'aavyo, na za bei. Mikono ya kwanza iliyougusa mti ule haitajwi. Mtu asifuye samani kwa uaminifu hana budi kuanza pale mti ulipoanguka.

Na makabati hayo yalikuwa na kufuli. Twayajua makabati ya namna hiyo. Katika shule nyingi za kwetu liko kabati moja la vitabu, lina kioo au mlango wa ubao mzima, na ufunguo u mfukoni mwa mtu mmoja. Mtu huyo akisafiri, vitabu navyo vimesafiri. Watoto hupita wakasoma majina kupitia kioo, kama watu watazamao vitumbua vya kuuzwa na fedha hawana. Mwisho wa mwaka vitabu huhesabiwa, vyaonekana vyote vipo, safi, havina alama ya kidole, na mwenye ufunguo husifiwa kwa uangalifu. Kwa kipimo changu, yule mtu wa Hereford mwenye minyororo alikuwa na ukarimu kuliko huyu. Ningeambiwa kuchagua moja kwa shule, kufuli la kioo au mnyororo wenye ubao wa kusomea chini yake, ningechukua mnyororo bila kusitasita.

Marekani walileta fikira nyingine yenye akili. Katika miaka ya 1890 Otto Wernicke alitengeneza kabati la vipande: kila rafu ni sanduku lake peke yake, lenye mlango wa kioo uinukao na kusukumwa ndani juu ya vitabu. Mtu hununua kitako, kilemba, na sanduku moja. Akipata vitabu zaidi hununua sanduku la pili na kuliweka juu ya la kwanza. Mwaka 1899 kampuni ya Globe ya Cincinnati iliichukua kazi hiyo, na makabati ya Globe-Wernicke yakaenea katika ofisi za mawakili na nyumba za walimu. Kabati hili lakiri jambo ambalo Bwana Pepys alilikataa, yaani ya kwamba msomaji hajamaliza kununua vitabu. Nalo lahamishika: kila sanduku hubebwa na vitabu vyake ndani.

Lakini kabati nitakalolipa kiti cha mbele halina kioo, wala kilemba, wala mlango. Mwaka 1949 kampuni ya Bonnier ya Stockholm, katika nchi ya Uswidi, ilitangaza mashindano. Fikirini jambo hilo: waliotangaza walikuwa wapiga chapa wa vitabu, wala si wauza samani. Walikuwa wameona ya kuwa watu wenye nyumba ndogo na mapato madogo hawanunui vitabu kwa sababu hawana pa kuviweka. Wakataka rafu iliyo rahisi kwa bei, rahisi kuchukuliwa, na rahisi kuunganishwa na mnunuzi mwenyewe. Walioshinda ni Nisse Strinning, mjenzi wa majumba, pamoja na mkewe Kajsa, naye pia msomi wa kazi hiyo hiyo. Kabla ya hapo Bwana Strinning alikuwa amebuni kichanja cha kukaushia vyombo jikoni, cha waya wa chuma uliopakwa plastiki. Waya ule ule wakaupandisha ukutani. Pande mbili zilifanywa kama ngazi nyembamba za waya. Mbao za rafu huangikwa katika vidato, juu au chini kama mtu apendavyo. Na chombo kizima, kabla ya kuunganishwa, hulala bapa katika kifurushi chembamba. Wakakiita String, maana yake kamba au uzi. Mwaka 1954 kilipewa nishani ya dhahabu katika maonyesho ya Triennale mjini Milano, na hata leo chauzwa.

Sababu za kukisifu ni nyingi, lakini moja yanishika zaidi. Wengine wote waliuliza, Mtu mwenye vitabu atakaje viwekwe? Hawa wa Stockholm waliuliza, Mtu asiye na vitabu amezuiwa na nini? Swali hilo ni la mwalimu. Ukitazama chombo chenyewe waona jibu: waya hauzibi mwanga, rafu haina uzito wa kuogopesha, na mwenye vitabu sita haoni aibu kuvipanga juu yake, ilhali vitabu sita ndani ya kabati la Chippendale vingeonekana kama yatima katika jumba la mfalme. Tena hakuna kufuli. Mtoto aliye na miaka mitano aifikia rafu ya chini.

Dieter Rams, Mjerumani, alifuata njia iliyo karibu na hiyo mwaka 1960, kwa reli za alumini zikazwazo ukutani na rafu za bati ziangikwazo kwa vipini. Ni kazi safi, na watu hukaa nayo maisha yao yote, wakihama nyumba huihamisha. Neno langu juu yake ni fupi: ni njema, lakini bei yake si ya watu wa Bonnier.

Sasa twaingia katika makabati ambayo picha zake zimejaa kuliko zote. La kwanza liliitwa Carlton. Lilibuniwa na Ettore Sottsass, akaliweka mbele ya watu mjini Milano mwaka 1981, pamoja na kazi za wenzake waliojiita Memphis. Lina kimo cha mtu mrefu, limefunikwa plastiki ya rangi nyingi, na mbao zake zimeinama kulia na kushoto, hata kwa mbali lafanana na mtu aliyeinua mikono. Moja liko katika makumbusho ya Metropolitan huko New York. Sottsass hakuwa mjinga. Alichoshwa na vyombo vya kijivu visivyocheka, akataka kucheza. Mchezo wake naufurahia. Lakini weka vitabu humo uone. Penye ubao ulioinama, kitabu huinama nao. Vingi havina mahali. Na jicho likiingia chumbani haliendi kwenye kitabu hata kimoja, lakaa kwenye mikono ile iliyoinuliwa. Wa Ravenna alifungua milango ili tusome majina manne; huyu ametufungulia kila upande, nasi hatusomi jina lo lote ila lake.

La pili ni lile la Ron Arad, mzaliwa wa Tel Aviv afanyaye kazi London. Mwaka 1993 alilifanya kwa utepe wa chuma kinyumbukacho, na mwaka uliofuata kampuni ya Kartell ya Italia ikalitoa kwa plastiki. Utepe huo hukunjwakunjwa ukutani kama nyoka apitaye, kila mnunuzi akiuchorea njia aipendayo. Hapa hukumu yangu ni nyepesi zaidi kuliko kwa Sottsass, maana chombo hiki chahitaji vitabu: pasipo vitabu ni utepe tu. Tena chamfanya mwenye nyumba kuwa mbunifu kidogo. Lakini vitabu vyenye kusimama juu ya mteremko hulaliana, vya chini huchukua mzigo wa vya juu, na gundi ya migongo yao hulegea kabla ya wakati wake. Kitabu ni mwili wenye mifupa. Hutaka kusimama wima au kulala bapa.

Limebaki lile lililouzwa kuliko yote, nalo ni Billy la kampuni ya IKEA ya Uswidi. Lilichorwa na Gillis Lundgren, na tangu mwaka 1979 limeuzwa zaidi ya milioni 60. Husimuliwa ya kuwa jina lilitokana na mfanyakazi mwenzake aitwaye Billy, aliyesema ataka kabati la vitabu tu, lisilo la kitu kingine. Upana wake sentimita 80, kina chake 28, kimo chake kama mita mbili. Hubebwa likiwa limelala katika boksi, na mtu hulisimamisha mwenyewe nyumbani. Wasomi wa ubunifu hulitaja kwa kununa kidogo, kwa kuwa li kila mahali na halina ujuvi wo wote. Mimi nalipa heshima. Fikira ya Bonnier ya mwaka 1949 ilifika katika nyumba za mamilioni kwa njia hii.

Walakini lina mambo mawili. Mwaka 2011 gazeti la The Economist la London liliandika ya kuwa kampuni ilikuwa ikileta Billy lenye kina zaidi, kwa sababu wanunuzi walitia humo mapambo na vyombo, wala si vitabu. Mtu yule aliyetaka kabati la vitabu tu amepewa jina, na kabati limeanza kuondoka kwake.

La pili ni la ubao wenyewe. Si ubao wa mti mzima, bali chembe za mbao zilizosagwa na kukazwa kwa gundi. Haupendi maji, na chini ya mzigo wa siku nyingi hubonyea. Kampuni yenyewe hutaja kilo 30 kwa rafu moja ya kabati pana. Na hapa na niseme jambo la kuwafaa wale watakaoagiza rafu kwa seremala, maana wahandisi wamekwisha kulipima. Ubao uliojazwa vitabu toka mwisho hata mwisho, ukiuongeza urefu mara mbili wala usiuongeze unene, hubonyea katikati mara 16. Ukiuacha urefu ule ule na kuzidisha unene mara mbili, kubonyea kwapungua hata kubaki sehemu moja ya nane. Ndiyo sababu Billy pana lina sentimita 80 na si mita moja unusu, na mbao za String hukoma karibu na kipimo hicho hicho. Seremala wetu hupenda kupitisha ubao mmoja toka ukuta hata ukuta, kwa kuwa ni kazi ya haraka na yapendeza siku ya kwanza. Mwambieni aweke nguzo katikati.

Kwa String pia nina neno la kupunguza alama, nisije nikaonekana nimenunuliwa. Waya ule uliwazwa kwa kuta za Stockholm, zishikazo parafujo. Katika ukuta wa udongo na fito parafujo hutoka pamoja na bonge la udongo, na vitabu vyote huanguka usiku. Wenye chombo hicho wameongeza ngazi za kusimama sakafuni, na kwa nyumba za namna hiyo hizo ndizo za kuigwa: fito mbili za mti mgumu kila upande, vidato kati yake, na miguu minne imesimamishwa ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari, ili mchwa wasipande.